Kumwacha mtoto awe mtoto Ujerumani: mwongozo kamili kwa familia za Waswahili

Nyumbani, wakubwa wakianza kuzungumza mambo mazito, mtoto huambiwa "nenda kacheze". Tumeizoea mno kauli hiyo hata hatukuona kuwa ni ukuta: upande huu kuna deni, kesi, ugonjwa na ugomvi wa ndoa, upande ule kuna rede na kombolela. Familia ikihamia Ujerumani ukuta huo huanguka wenyewe. Nyumba ina vyumba viwili, bibi na shangazi wako mbali, na baada ya mwaka mmoja wa shule mtoto wa miaka minane ndiye anayejua Kijerumani kuliko wote nyumbani. Barua ikija anaisoma yeye, na daktari akiuliza anajibu yeye. Mtoto aliyesoma kwamba baba amepewa siku 14 za kulipa kodi ya nyumba, utamwambiaje akacheze?

Yanayofuata ni namna ya kuujenga ukuta huo upya. Sheria na ofisi zinazotajwa ni za Ujerumani. Majimbo yake 16 yanatofautiana, hasa kwa shule na chekechea, kwa hiyo jimbo likitajwa, jambo hilo ni la jimbo hilo tu.

Mwondolee mtoto kazi ya ukalimani

Anzia hapa hata kama mengine yote yatasubiri, maana hakuna kinachomzeesha mtoto ughaibuni kama hiki.

Kumwomba mtoto aulize bei ya mkate au amsomee mjomba jina la kituo cha treni hakuna ubaya. Watoto hujivunia kusaidia hivyo. Ukalimani wenye uzito ndio wa kukataa: hospitali, Jobcenter (ofisi ya misaada ya wasio na kazi), ofisi ya wageni, polisi, benki, na mkutano na mwalimu. Mtoto wa miaka kumi hajui "uvimbe" unaitwaje kwa lugha yoyote, kwa hiyo atabahatisha. Akisikia habari mbaya atailainisha ili mama asilie. Mwalimu akilalamika kwamba hafanyi kazi za nyumbani, tafsiri itakayomfikia mzazi ni "anasema naendelea vizuri". Halafu jioni mzazi huyo huyo anataka kumwamuru akalale, na mtoto anajua kwamba asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na ulimwengu kwa niaba ya nyumba nzima.

Mkalimani huombwa siku unapopanga miadi, ile Wajerumani wanayoiita Termin. Ukisubiri siku yenyewe umechelewa. Sentensi moja inatosha, kwa simu au barua pepe: "Ich brauche bitte eine Dolmetscherin für Suaheli." Andika Suaheli, ndivyo ofisi nyingi zinavyoiorodhesha lugha yetu. Ongeza Kiswahili cha wapi. Aliyekulia Bukavu au Lubumbashi na mkalimani aliyekulia Unguja wanaweza kupotezana njiani, na kwenye kesi neno moja ni zito. Mkongomani aandike "Suaheli aus dem Kongo", au aombe Kifaransa ikiwa anakimudu, kwani wakalimani wa Kifaransa hupatikana upesi zaidi.

Nani analipa? Kwenye mahojiano ya hifadhi ya BAMF, ofisi ya serikali kuu ya uhamiaji na wakimbizi, mkalimani huletwa na kulipwa na serikali, na una haki ya kusema hamwelewani. Jobcenter na ofisi ya kazi zina ukalimani wa simu, lakini mara nyingi hutolewa kwa anayeuomba. Shuleni mwombe mwalimu, au yule mfanyakazi wa ustawi anayeitwa Schulsozialarbeiter, mara tu unaporudisha karatasi ya mwaliko wa mkutano. Kwa daktari ndiko kugumu: bima ya afya ya umma kwa kawaida hailipii mkalimani wa lugha. Hospitalini ulizia Sozialdienst, yaani huduma ya ustawi ya hospitali. Kwa daktari wa mtaani, ulizia ofisi ya manispaa kuhusu Gemeindedolmetscher au Sprachmittler, yaani wakalimani wa jamii, na waombe wiki mbili kabla. Wakikosekana, mpeleke mtu mzima wa kanisani, msikitini au wa jumuiya mnayemwamini kwa siri. Hata jirani anayekijua Kijerumani nusunusu ni bora kuliko mwanao.

Barua nazo zina utaratibu wake. Weka trei moja juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na kila barua ifunguliwe na mtu mzima. Usiku ipige picha kwa programu ya tafsiri ya simu, upigie mstari tarehe na neno Frist, yaani siku ya mwisho. Bahasha ya manjano usiitupe: tarehe aliyoiandika mpeleka barua juu yake ndiyo inayoanza kuhesabu muda. Pingamizi dhidi ya uamuzi wa ofisi kwa kawaida lina mwezi mmoja, ila hati ya madai ya Mahnbescheid na hukumu ya maandishi ya Strafbefehl zina wiki mbili tu. Kisha zibebe barua zote kwenye ushauri wa wahamiaji, Migrationsberatung, unaotolewa bure na mashirika ya Caritas, Diakonie, AWO, Msalaba Mwekundu na wengine kwa walio na umri wa miaka 27 na zaidi. Vijana wa miaka 12 hadi 27 wana ofisi yao, Jugendmigrationsdienst.

Kuna dharura moja ambayo mtoto anapaswa kuijua: kupiga 112, kutaja jina lake, mtaa, namba ya nyumba na ghorofa. Mfanyishe mazoezi bila kupiga kweli. Ikitokea amelazimika kukalimani kwa sababu hakuna mwingine, uliza ya lazima tu, mwombe daktari asitoe habari kubwa kupitia yeye, na mkitoka mshukuru na ufunge mada. Usimwulize tena usiku "alisemaje yule daktari?"

Na nyumbani zungumza Kiswahili. Sababu ya kudumisha utamaduni inajulikana, ila kuna nyingine ya karibu zaidi: kwenye Kiswahili mzazi ndiye anayejua zaidi. Huko ndiko mtoto anakouliza na kujibiwa, anakotegewa kitendawili na kushindwa akatoa mji. Mzazi anayemlea mwanawe kwa Kijerumani cha kuokoteza anamfanya mtoto awe mkubwa kwake kwa lugha. Mtoto akijibu kwa Kijerumani, usimkemee. Rudia jibu lake kwa Kiswahili kisha endelea.

Mambo ya wakubwa kwenye nyumba ya vyumba viwili

Nje hakuna ua wa kumtuma mtoto, basi ukuta ujengwe kwa saa. Mazungumzo ya pesa, vibali, kesi na ugomvi yasubiri saa mbili na nusu usiku, watoto wakishalala, mlango umefungwa. Isipowezekana, zungumzeni kwenye matembezi.

Simu ndiyo tundu kubwa la ukuta huu. Ujumbe wa sauti kutoka nyumbani unafunguliwa jikoni kwa spika, na mtoto anayechora mezani anasikia kwamba babu amelazwa, kwamba ada ya binamu haijatumwa, kwamba baba analalamikiwa na ukoo mzima. Tumia visikilizi, kila mara. Zima pia upakuaji wa picha wa moja kwa moja kwenye WhatsApp, kwa sababu makundi ya familia zetu hutuma picha za ajali na maiti bila onyo, na mtoto anayeazima simu achezee gemu huzikuta zimejipanga kwenye albamu.

Kibali cha ukaazi kikisuasua, mtoto ataliona hilo usoni mwako. Usimdanganye wala usimmwagie yote. Mpe ukweli wa saizi yake: "Kuna karatasi baba na mama wanazishughulikia. Kuna mtu anatusaidia. Kesho unaenda shule kama kawaida." Kauli za "tukirudishwa itakuwa kwa sababu yako" au "polisi watakuja wakuchukue", hata za kumtisha ale, zifutwe kabisa kwenye nyumba ya mhamiaji. Mtoto wa hapa anazo sababu za kuziamini.

Na fimbo. Tangu Novemba 2000, kifungu cha 1631 cha sheria ya madai ya Ujerumani kinampa mtoto haki ya kulelewa bila ukatili, na hiyo inajumuisha kofi na kumdhalilisha kwa maneno. Wazazi wengi wanaishia njia panda: fimbo imekatazwa, kingine hawakufundishwa, basi wanakaa kimya na mtoto anatawala nyumba. Mtoto anayetawala nyumba naye amepoteza utoto wake. Weka amri chache, tano zinatosha, na adhabu inayofanana na kosa: aliyemwaga afute, aliyevunja cha mwenzake achangie kutoka akiba yake, aliyechelewa kurudi kesho hatoki. Sema mara moja kwa sauti ya chini ukiwa umeinama usawa wa macho yake. Ofisi ya vijana, Jugendamt, ambayo jina lake linatisha watu wetu, ina pia washauri wa malezi, na ushauri huo ni bure.

Mtoto mkubwa asigeuzwe mama wa pili

Kazi za nyumbani hazimzeeshi mtoto. Kuosha vyombo, kufagia, kupepeta mchele, kukunja nguo: dakika 15 hadi 30 kwa siku kwa mtoto wa miaka minane humjenga, na tusione aibu kuzidumisha. Kinachomwelemea ni jukumu lisilo na mwisho: binti wa miaka 11 anayemchukua mdogo wake chekechea kila siku, anampikia, anambadilisha, huku mama yuko zamu ya jioni. Jipime hivi: akiumwa yeye leo, shughuli za nyumba zitakwama? Ikiwa jibu ni ndiyo, amebeba mzigo wa mtu mzima.

Njia za kumtua zipo, na nyingi hazitumiki kwa sababu hazijulikani. Shule za msingi zina malezi ya baada ya masomo, Hort au Ganztag. Kuanzia mwaka wa shule wa 2026/27 watoto wa darasa la kwanza wana haki ya kisheria ya saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, na haki hiyo inapanda darasa moja kila mwaka hadi kufika la nne. Mdogo akiugua, asibaki na dada yake. Mzazi aliye kwenye bima ya umma ana siku za kuuguza mtoto wa chini ya miaka 12: kwa mwaka 2025 zilikuwa siku 15 za kazi kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na 30 kwa anayelea peke yake, zikiwa na ukomo wa jumla kwa wenye watoto wengi. Unahitaji cheti cha daktari wa watoto tu.

Na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mama akilazwa, au mimba ikimlaza kitandani, na nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 12 na hakuna mwingine wa kushika nyumba, bima ya umma inaweza kulipia msaidizi wa nyumbani, Haushaltshilfe. Daktari anaandika, wewe unajaza fomu ya bima, ikiwezekana kabla ya kulazwa. Familia nyingi zimemtoa binti shule wiki mbili kwa jambo ambalo bima ingelilipia.

Chekechea, matope na nywele

Mzazi aliyezoea shule za Dar au Nairobi, ambako mtoto wa miaka minne anarudi na daftari la kazi za nyumbani, hushtuka akiona chekechea ya Kijerumani. Mwaka mzima umepita na mtoto hajui kuandika jina lake. Anarudi na matope masikioni. Mzazi anadhani wamemdharau mtoto wake kwa rangi yake, au ni wavivu. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jina Kindergarten, bustani ya watoto, lilitolewa na Friedrich Fröbel mwaka 1840 huko Bad Blankenburg, na wazo la kwamba mchezo ndio somo la mtoto limebaki hadi leo. Kusoma na kuandika kunaanza darasa la kwanza, kwa wote.

Mtoto ana haki ya nafasi tangu anapotimiza mwaka mmoja, sheria iliyoanza Agosti 2013, lakini nafasi ni chache. Jiandikishe tangu ujauzito, kwenye Kita (chekechea) kadhaa. Berlin na Hamburg kwanza unaomba hati ya Kita-Gutschein. Bila uthibitisho wa chanjo ya surua hapokelewi: dozi moja kuanzia mwaka mmoja, mbili kuanzia miaka miwili.

Kisha kuna kipindi cha kuzoea, Eingewöhnung, ambacho wazazi wanaoharakia kazini hukikata na kujuta. Kwa mtindo unaoitwa wa Berlin, siku tatu za kwanza mzazi anakaa na mtoto humo ndani kama saa moja, bila kuachana. Siku ya nne, ambayo isiwe Jumatatu, mzazi anaaga waziwazi na kutoka kwa dakika chache, si zaidi ya nusu saa. Mtoto akibembelezeka na mwalimu, muda unaongezwa siku hadi siku. Asipobembelezeka, mnarudi nyuma na kusubiri. Tenga wiki nne kabla ya kurudi kazini. Kosa kubwa ni kuchomoka kimyakimya mtoto akiwa ameangalia pembeni. Kesho yake hatokuachia sketi.

Mavazi yanastahili maelezo, maana mtoto asiyevaa sawasawa hachezi, anasimama ukutani. Anahitaji suruali ya matope ya plastiki yenye kanda za mabegani, buti za mvua zilizozidi kidole kimoja ili soksi ya sufi ienee, viatu vya ndani, na mfuko wa nguo za akiba wenye kila kitu pamoja na chupi mbili. Vyote viandikwe jina kwa kalamu isiyofutika. Baridini mvike tabaka tatu: fulana inayobana, sweta ya sufi au flisi, jaketi lisilopitisha maji. Jaketi moja nene juu ya fulana halifai, kwa sababu akitoka jasho hana cha kupunguza. Nguo mpya nyeupe ziache za Jumapili au Idi. Mtoto aliyeonywa "usichafuke" ndiye pekee asiyeingia kwenye mchanga.

Nywele zetu na mchanga wa Kita ni shughuli. Mchanga ukiingia kwenye mistari ya nywele na kukutana na mafuta unaganda kama saruji. Msuke twende kilioni iliyolala kichwani, bila mafuta kwenye mistari siku za shule, na mvike kitambaa cha pamba cha kuzunguka kichwa anapotoka nje. Mabutu yaliyosimama yanainua helmeti ya baiskeli, ikakaa juu bila kukinga kitu. Siku za baiskeli nywele zilale. Waeleze walimu kwamba nywele hizi hazichambuliwi kwa kitana na hazishikwishikwi na watoto wengine. Ngozi ipakwe mafuta mazito kabla ya kutoka baridini, siyo losheni ya majimaji.

Usingizi, mwanga na skrini

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi, wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Shule nyingi zinaanza karibu saa mbili asubuhi, na baridini anaamka giza totoro. Hivyo wa darasa la kwanza awe amelala saa mbili usiku. Nyumba nyingi za kwetu hushindwa hapa, kwa kuwa tumezoea watoto kukesha na wageni hadi wanapoangukia kochi. Huko nyumbani walifidia mchana. Hapa hakuna pa kufidia.

Juni jua la Berlin linazama saa tatu na nusu usiku, na mtoto atakuambia kwa haki yote kwamba bado mchana. Nunua pazia zito lisilopenya mwanga, lizidi dirisha sentimita 10 kila upande. Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, basi wikendi mtoeni nje saa tano asubuhi hata kama kuna ukungu. Mtoto mchanga hupewa vitamini D, uniti 400 hadi 500 kwa siku, hadi mwanzo wa kiangazi chake cha pili. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, mwulize daktari wa watoto kama aendelee baada ya hapo.

Dakika 30 za mwisho ziwe zilezile kila siku: kuoga, pajama, kupiga mswaki, hadithi. Hadithi iwe ya mdomo, ya Sungura na Fisi, taa imezimwa. Paukwa, pakawa.

Skrini: madaktari wa watoto wa Ujerumani wanashauri asiguse kabisa kabla ya miaka mitatu, kisha si zaidi ya dakika 30 kwa siku, tena si kila siku, hadi miaka sita, dakika 30 hadi 45 hadi miaka tisa. Simu ya video na bibi tusiihesabu kwa ukali huo, kwani ni ndugu anayezungumza. Simu yake mwenyewe isubiri angalau hadi darasa la tano, anapobadilisha shule na safari kuwa ndefu. Berlin na Brandenburg, ambako shule ya msingi hufika la sita, subirini hadi la saba. WhatsApp yenyewe imeweka umri wa miaka 13. Kundi la darasa likishinikiza, ongea na wazazi wawili watatu wenye msimamo kama wako kwenye mkutano wa wazazi, kwa sababu mtoto mmoja akikosa simu anaonekana wa ajabu, wakikosa wanne ni kawaida. Chaja zote zilale sebuleni, na ya mzazi pia. Filamu na magemu yana alama za umri, FSK na USK: 0, 6, 12, 16, 18. Binamu wa miaka 16 akija kulala kwenu, rimoti ishikwe na wewe.

Maji na baiskeli

Kila mtoto hapa ataalikwa ziwani au bwawani, na asiyejua kuogelea yuko hatarini. Mwandikishe kozi akiwa na miaka mitano. Foleni huwa ndefu, kwa hiyo omba mapema. Lengo la kwanza ni beji ya Seepferdchen, farasi wa baharini. Tangu 2020 anatakiwa kuruka majini kutoka ukingoni, kuogelea mita 25, kuokota kitu kwa mikono kwenye maji yanayomfika mabegani, na kujua kanuni za bwawani. Beji hiyo haimaanishi anaogelea salama. Bado asimamiwe hadi apate ya shaba. Kofia kubwa ya kuogelea ya nywele nyingi inunuliwe kabla, la sivyo msichana ataacha kozi kwa ajili ya nywele. Familia inayopata msaada wa Jobcenter, Wohngeld (ruzuku ya kodi ya nyumba), Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wenye kipato kidogo) au msaada wa waomba hifadhi ina euro 15 kwa mwezi kwa kila mtoto za klabu au kozi kama hii. Ulizia mpango wa Bildung und Teilhabe.

Baiskeli: hadi atimize miaka minane apite njia ya waenda kwa miguu, hadi kumi anaruhusiwa. Anayemsindikiza, mwenye miaka 16 au zaidi, anaweza kuendesha hapo pamoja naye hadi mtoto atimize miaka minane. Wakivuka barabara washuke.

Darasa la kwanza, na koni yake

Usimharakishe kwenda shule. Anayetimiza miaka sita kabla ya tarehe ya jimbo analazimika kuanza: Hessen na Baden-Württemberg ni 30 Juni, Berlin na Nordrhein-Westfalen ni 30 Septemba. Bayern na Niedersachsen, aliyezaliwa kati ya 1 Julai na 30 Septemba, wazazi ndio wanaoamua aanze au asubiri mwaka. Tunawashauri wasubiri, hasa ikiwa Kijerumani bado kichanga: mwaka wa ziada chekechea haupotezi kitu, na aliye mdogo kuliko wote darasani huonekana mzito kumbe ni mdogo tu. Majimbo mengine yanaruhusu ombi la kuahirisha, Rückstellung, na uandikishaji hufanyika miezi mingi kabla, kwa hiyo liulizie vuli ya mwaka unaotangulia.

Kabla ya hapo kuna uchunguzi wa afya ya shule. Wanaangalia macho, masikio, kuruka, kuchora maumbo, kuhesabu vitu, kurudia maneno. Usimkaririshe alfabeti. Mfundishe kufunga zipu na vifungo, kukata kwa mkasi, kushika penseli kwa vidole vitatu, kujisafisha chooni, kushindwa mchezo bila kutupa kete. Bao na mdako vinafanya kazi hiyo vizuri kuliko vitabu vya mazoezi: kuhesabu, mkono, jicho, subira.

Siku ya kwanza kila mtoto hubeba Schultüte, koni kubwa ya karatasi iliyojaa zawadi. Mwaliko wa shule mara nyingi hausemi lolote kuihusu, kwa sababu kila Mjerumani anajua. Mtoto wa mgeni hufika mikono mitupu katikati ya koni 24, na hasahau. Itengenezeni wiki mbili kabla, hivi:

1. Chukua manila ngumu ya sentimita 70 kwa 100. Funga penseli kwenye uzi wa sentimita 70, bana ncha ya uzi kwenye pembe moja ya karatasi, chora upinde.
2. Pima sentimita 66 kufuata upinde, chora mstari kutoka hapo hadi pembeni ulikobana uzi, kata.
3. Ikunje ziingiliane sentimita 3, gundi, bana kwa vibanio vya nguo usiku kucha. Mdomo utakuwa na upana wa kama sentimita 20. Gundi ya maji pekee hufumuka. Ongeza utepe wa kunata kwa ndani.
4. Zungushia mdomo kwa ndani karatasi ya krepu ya kimo cha sentimita 30, ya kufungia juu kwa utepe. Nje apambe mwenyewe. Kipande cha kitenge au kanga kikibandikwa kinavutia kuliko vya dukani.
5. Chini kabisa jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, bila hivyo ncha inapinda. Kisha penseli za rangi, mkasi, kamba ya kuruka, kitu cha kutoka kwa bibi, peremende chache juu. Isizidi kilo mbili, maana ataibeba mwenyewe na kupigwa nayo picha.

Njia ya kwenda shule ianze kufanyiwa mazoezi mwezi mmoja kabla, saa ileile ya asubuhi. Wiki ya kwanza unamwongoza. Ya pili anakuongoza yeye, anakuambia pa kusimama na pa kuangalia. Ya tatu unamfuata hatua 20 nyuma bila kusema. Chagua njia yenye taa na kivuko hata kama ni ndefu zaidi, kwani mtoto wa umri huu bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari. Kwenye begi na jaketi weka alama zinazong'aa usiku. Shule ikianza, msindikize hadi mahali mlipokubaliana, halafu kila wiki sogeza mahali hapo karibu na nyumbani. Tafuta mtoto wa jengo lenu au mtaa wenu waende pamoja, na mpe dakika kumi za ziada, kwa sababu njiani kuna konokono, majani makavu na dimbwi la kurukia.